Mawe Haya Maana Yake Nini?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumanne usiku stima zilipotea hapa kwetu Nakuru, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nikamwambia mjukuu wangu wa Gredi ya 2, "Niletee mawe ya tochi, yako kwa droo." Nikasikia mlango wa nje ukifunguliwa. Akarudi na kokoto mbili, amezipangusa vumbi kwa sweta yake, akaniwekea mkononi. "Shosho, haya yatatosha?"

Nilizishika gizani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mtoto amezaliwa katika mji huu na hajui kwamba mawe ya tochi, yaani betri, yalikuwa yakitengenezwa hapa.

Wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Kiwanda kilianza mwaka 1967 kikiitwa Union Carbide, baadaye tukakijua kwa jina la mawe yenyewe, Eveready, yale yenye picha ya paka. Mawili kwenye tochi, manne kwenye redio. Yakianza kuchoka tuliyaanika juani juu ya bati, au tukayabinya kwa meno, mradi tu yafikishe taarifa ya habari ya saa moja. Ni nyumba ngapi huko Kakamega, Siaya na Bungoma zilipata habari ya msiba, au ya mtoto kuitwa shule, kwa nguvu ya mawe yaliyotoka Nakuru? Mwaka 2014 mitambo ikazimwa. Mawe ya bei ya chini kutoka ng'ambo yalikuwa yamejaa madukani, na ikaonekana ni nafuu kuagiza kuliko kutengeneza. Leo ukiyanunua, yametoka mbali.

Tusome Yoshua sura ya 4. Israeli wamevuka Yordani, na Mungu anaagiza mawe kumi na mawili yatolewe katikati ya mto yakasimamishwe Gilgali, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wapate kuelezwa. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi nikidhani kazi ni ya mawe. Jiwe halisemi, wapendwa. Jiwe kazi yake ni kumfanya mtoto aulize, na mzee aliye karibu ndiye anayedaiwa jibu. Mimi Jumanne niliulizwa. Nikajiuliza ni mara ngapi wajukuu zetu wamepita mbele ya kitu katika mji huu tukawavuta mkono twende haraka.

Tunaambiwa jina Nakuru limetoka katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni mahali pa vumbi. Mtaa niliofikia nilipoolewa ni Kivumbini. Basi nikikutana na Zaburi 102 mstari wa 14, huwa ninasimama. Anayeomba pale ni mtu aliyeumia, hapati usingizi, anajifananisha na shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Katikati ya maumivu yake anamwambia Mungu kwamba watumishi wake wanayapenda mawe ya Sayuni, na mavumbi yake wanayaonea huruma. Mawe na mavumbi! Kuta zilikuwa zimekwisha kuanguka. Kilichobaki ni kifusi, na bado kuna watu waliokipenda, na Mungu anaambiwa hivyo kana kwamba ni sababu ya kutosha ya kuwahurumia.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Stesheni ile ya mwaka 1957 bado imesimama, ashukuriwe Mungu, ila mji uliokuwa ukiizunguka nautafuta siuoni. Tulinunua godoro letu la kwanza madukani pale mjini, la inchi nne, akalibeba kichwani hadi Kivumbini na mimi nyuma na sufuria. Godoro ndilo kitu cha kwanza kijana hununua akianza maisha, na mji huu ulijua hivyo vizuri. Nakumatt, duka lililofika hadi Uganda, Rwanda na Tanzania, jina lake ni kifupi cha Nakuru Mattresses. Tuskys nayo iliandikishwa kama Tusker Mattresses, na mizizi yake ni Rongai, katika kaunti hii hii. Maduka mawili makubwa ya nchi yalizaliwa na biashara ya godoro hapa kwetu. Mwezi wa Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura mali iuzwe yaishe, na Tuskys haikukawia kufuata. Nawakumbuka wasichana wa keshia waliokuwa wakiuliza habari za mgonjwa wangu huku wakipiga hesabu ya unga. Walienda wapi wote wale?

Sasa nije kwa jambo ambalo limenisumbua.

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Jumapili iliyofuata tulikuwa na ibada ya shukrani. Vijana waliimba mpaka viti vikasogezwa. Mzee mmoja wa kanisa, aliyefanya kazi kiwanda cha mawe miaka mingi, alikaa ameinamisha kichwa, hakupiga makofi hata mara moja. Mimi, Mungu anisamehe, nilimnong'oneza jirani yangu kwamba huyu mzee hapendi maendeleo.

Ezra 3 mstari wa 12 na 13. Msingi wa hekalu umewekwa upya. Makuhani wamevaa mavazi yao, tarumbeta zinapigwa, Walawi wana matoazi. Na katikati ya shangwe hiyo wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti kuu. Hesabu ya miaka inafika takriban 50 tangu Wababeli wailipue kwa moto nyumba ile, kwa hiyo aliyekuwa kijana wa miaka 15 siku hiyo sasa ana 65. Ameiona kwa macho. Biblia inasema watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele ilisikika mbali.

Tafuta katika sura hiyo mtu anayewanyamazisha wazee. Hayupo. Hakuna Mlawi aliyekwenda kuwaambia wafute machozi wasiharibu sherehe, wala hakuna mzee aliyewaambia vijana wanyamaze kwa kuwa hawajui kilichopotea. Kelele ilipanda moja, na Mungu aliipokea jinsi ilivyo.

Wiki kadhaa baadaye nilimwendea mzee yule kumwomba radhi, ingawa hakujua nilichosema. Nikamuuliza siku ile alikuwa akiwaza nini. Akasema, "Nilikuwa nawahesabu watu wa shifti yangu ya usiku, mama. Wengi walikufa kabla mji haujaitwa jiji. Nilitaka wawepo."

Tangu hapo ninaisoma Nehemia 3 kwa macho mengine. Ni sura ambayo wengi wetu tunairuka, majina matupu ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, lango hili fulani, ukuta ule fulani. Lakini wamo wafua dhahabu, wamo watengeneza manukato, yumo Shalumu na binti zake wakijenga sehemu yao. Mzee yule alikuwa anaandika sura yake ya Nehemia 3 akiwa ameinama kwenye benchi, na mimi nikamhesabia kuwa ni kinyongo.

Najua mtu atanisomea Mhubiri 7:10, kwamba tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, maana si kwa hekima tunauliza hivyo. Nalikubali neno hilo. Siku za kale Kivumbini tulikuwa familia nzima katika chumba kimoja, maji ni bomba la pamoja, na usiku wa mvua kwenda choo ilikuwa safari. Wazazi wetu, kabla ya Uhuru, walipita nje ya hoteli walizokuwa hawaruhusiwi kulala. Mhubiri anakataza kudai kwamba zamani ilikuwa bora. Hakukataza kukumbuka nani alikuwepo.

Na kuna mapengo mengine ambayo tunayapita bila kusema kitu. Si kila nyumba iliyotoweka hapa iliondolewa na biashara mbaya au na tingatinga. Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba na vibanda viliteketea katika mitaa yetu, na majirani zetu wakalala kwenye hema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo, kwa maelfu. Baadhi walirudi. Wengine waliuza kiwanja kwa bei yoyote wakaenda, na juu ya majivu pamesimama ghorofa nzuri yenye maduka chini, na tunanunua mkate pale. Aliyekuwa akikaa pale aliitwa nani? Tulikuwa tukimwazima chumvi. Hapo kukumbuka kunaanza kuwa toba, na ndiyo maana kunatushinda. Ni rahisi kuikumbuka Nakumatt.

Wengine nyumba zao hazikuchomwa wala kubomolewa, ziwa liliziingia. Ziwa Nakuru, ambalo katika miaka ya 1990 lilikaribia kukauka kabisa, lilipanda kutoka karibu kilomita za mraba 40 mwaka 2010 hadi zaidi ya 60 kufikia 2020. Lango kuu la mbuga na ofisi zake vilifunikwa na maji, na upande wa Mwariki kuna njia ambazo watoto walipitia kwenda shule na sasa zinaishia majini. Dada zetu wa huko wanapoomba wakitaja "kwetu", wanaonyesha maji kwa kidole. Tusiwasahihishe.

Nina ombi moja la juma hili, tena ni la kufanya. Jumapili baada ya ibada ya pili wale wenye miguu tutatembea kutoka stesheni hadi Kivumbini, polepole, mzee yule akiwa mbele. Kila mtu aje na jina moja la mtu aliyefanya kazi au kuishi mahali ambapo hapapo tena: dobi, mpiga chapa, mama wa mandazi, mlinzi, jirani wa 2008. Tutasimama pale palipokuwa pake, tutalitaja, tutaomba kwa ajili ya watoto wake popote walipo, tuendelee. Walio mbali waandike jina hapa nami nitalibeba. Vijana nawaomba sana mje, na mkiona kuimba, imbeni.

Kokoto zile mbili ziko kwenye dirisha la jikoni. Mjukuu hataki zitupwe. Nilimweleza habari za kiwanda, na redio, na shifti ya usiku, na godoro lililobebwa kichwani. Jana nimekuta ziko tatu. Nikamuuliza hii ya tatu ni ya nini. Akasema ni ya guka wa reli, yule ambaye hakumwona.