Betri "Nzuri" Inayozima Kwenye Asilimia 27

Mimi ni wakala wa miamala Soko Kuu, Mtwara mjini. Simu kwangu ndiyo jembe. Basi msimu wa korosho umechanganya, wakulima wamelipwa, watu wamejipanga mpaka kwenye genge la jirani, simu inasoma asilimia 27, mara pu! Giza. Ukiichomeka inaamka na kudai ina 19.

Ushauri nilioupata, jamani. Mmoja: "Ichaji usiku kucha." Mwingine: "Iache iishe mpaka izime yenyewe, betri itajipanga." Wa tatu akanituma kwenye friji! Hilo la kuimaliza kabisa ni la enzi za betri za nikeli. Hizi za lithiamu hazipendi kukaushwa, na adui yao mkubwa ni joto. Friji nalo ni kuitafutia simu unyevu tu.

Fundi niliyempelekea aliilaza juu ya kioo cha kabati lake, akaizungusha kwa kidole. Haikuzunguka. "Haijavimba, dada. Betri nzima hiyo. Hapa tatizo ni sistimu chaji." Bei, kama elfu sitini hivi. Nikamwambia nakuja. Sikwenda.

Kijana mmoja akanipa namba ya kupiga, *#*#4636#*#*. Kwenye baadhi ya simu za Android inafungua ukurasa wa siri, na yangu ilifungua: joto, volti, na hali ya betri, "nzuri". Nilitamba siku hiyo! Jioni ikanizimikia mteja akiwa ananitajia namba yake. Kumbe ile "nzuri" maana yake betri haijapata joto kupita kiasi, haijafa, na volti haijapitiliza. Kwamba imebaki na ujazo kiasi gani, haisemi. Ni kama kumuuliza bibi wa miaka tisini hujambo. Atakujibu sijambo, na kisimani haendi.

Nilichotaka ni hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Nikapakua AccuBattery, programu ya kupima betri, nikaiandikia ujazo wa kiwandani, mAh 5,000 (mAh ndicho kipimo cha ujazo wa betri). Ukichaji, inahesabu umeme unaoingia. Nikazima data, nikaiweka simu mbali nisiiguse, ikatoka asilimia 20 hadi 80. Zikaingia mAh 1,860. Chukua kalamu: kama asilimia 60 ni 1,860, mia nzima ni 3,100. Gawanya kwa 5,000, unapata asilimia 62. Usiamini chaji moja tu, rudia na uangalie wastani. Wangu haukwenda mbali na hapo. Betri ilikuwa imechoka, na sistimu chaji ilikuwa inasingiziwa.

Nikanunua mpya, imeandikwa 6,000 kwa herufi za dhahabu, ikafungwa. Hapo ndipo utamu ulipo, maana niliipima nayo. 2,900! Betri mpya imezidiwa na mzee aliyestaafishwa. Nikarudi dukani na daftari langu.

"Kaka, hii elfu sita iko wapi?"

"Dada, hizo programu zinadanganya."

"Sawa. Ya zamani ninayo, nimeipima kwa programu hiyohiyo na simu hiyohiyo. Kama inadanganya, mbona ya zamani haikudanganyiwa? Tuichaji hapahapa kwenye soketi yako, nitasubiri."

Dukani kulikuwa na wateja, wote wameshaanza kusikiliza. Akatoa nyingine kutoka droo ya chini, maandishi yake ya kawaida tu, 5,000. Nikampa sharti: isipofika 4,500 narudi. Ilisoma karibu 4,600, nikanyamaza.

Wenye iPhone hamna haja ya kalamu. Ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya betri, kwenye afya ya betri, asilimia ya ujazo uliobaki iko pale. Ikishuka chini ya 80, anza kuweka akiba. Mdogo wangu alitaka kununua iliyotumika inayosoma 100 ilhali ina miaka. Nikamwambia aulize hiyo betri imebadilishwa wapi. Muuzaji akaanza kukohoa.

Siku hizi simu naiweka chini ya meza, siyo juu ambapo jua la saa nane linaipiga kupitia uwazi wa mabati. Na nachomoa ikifika themanini na kitu, kama wateja wameniachia nafasi.

Yule fundi wa sistimu chaji huja kutoa hela kwangu. Simu yake inatembea na pawabenki.