Dalili Zilikuwepo, Oktoba 1973

Misri na Syria zilipoishambulia Israel tarehe 6 Oktoba 1973, Israel haikuwa imekosa taarifa. Mfalme Hussein wa Jordan alishamwonya Waziri Mkuu wa Israel, Golda Meir, ana kwa ana tarehe 25 Septemba. Kilichokwama ni jinsi taarifa zilivyosomwa.

Idara ya ujasusi wa kijeshi ya Israel, chini ya Eli Zeira, iliamini mambo mawili: Misri haitaanza vita kabla ya kupata ndege na makombora ya kupiga ndani kabisa ya Israel, na Syria haitapigana bila Misri. Haikuwa imani ya kipuuzi, maana ilijengwa juu ya taarifa za siri za kweli kutoka Cairo. Lakini mwishoni mwa 1972 Rais Sadat wa Misri aliamua kupigana kwa silaha alizonazo, na idara ikabaki na Sadat wa zamani.

Mei 1973 jeshi la Israel liliwekwa katika tahadhari, vita visije. Zeira alikuwa amesema havitakuja. Nadhani hapa ndipo palipoharibika zaidi, kwa sababu kupatia mara moja kulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba dhana nzima ni sahihi.

Tangu hapo kila dalili ilipatiwa maelezo yake, moja moja. Vikosi vya Misri vimejaa kando ya Mfereji wa Suez? Mazoezi. Vifaru vya Syria vimesogea karibu na miinuko ya Golan, mpakani na Israel? Wanahofia kushambuliwa. Luteni Benjamin Siman-Tov, ofisa ujasusi wa jeshi la Israel, aliandika tarehe 1 Oktoba, akarudia tarehe 3, kwamba mazoezi yale yanafunika maandalizi ya vita. Mkubwa wake hakuyafikisha juu.

Ili asinaswe hivyo, anayemshauri waziri achore jedwali: juu aweke dhana zote, kama vile mazoezi na vita, kando dalili. Kwa kila dalili ajiulize, kama dhana hii ni kweli, ningetarajia kuliona hili? Vifaa vya kuvukia maji vinaingia kwenye mazoezi na kwenye vita pia, kwa hiyo havitenganishi chochote, hata viwe vingi namna gani. Ila usiku wa kuamkia tarehe 5 Wasovieti, washirika wa Waarabu hao, walianza kuziondoa haraka familia zao Misri na Syria. Hakuna anayehamisha watoto kwa ajili ya mazoezi ya rafiki yake. Dalili hiyo moja ina uzito kuliko vifaa vyote vya kuvukia, na ndiyo ya kuanza nayo mezani. Pia aandike mapema, kabla joto halijapanda, ni jambo gani likitokea ataiacha dhana yake.

Tarehe 5 hiyo hiyo, tathmini ya idara iliorodhesha dalili kwa kirefu, kisha ikaandika kwamba uwezekano wa vita ni mdogo.