Jumamosi Barabarani: Siku Moja ya Rozari na Maswali Mjini Mombasa

Siku tano za juma mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Likoni. Jumamosi ninafanya kazi isiyo na mshahara: nasimama barabarani katikati ya mji pamoja na mwenzangu wa Lejio ya Maria, chama cha walei (waamini wasio mapadre wala watawa) wa Kanisa Katoliki, tukiwapa wapita njia rozari na medali bila malipo, na kuzungumza juu ya imani Katoliki na yeyote atakayependa kuzungumza. Wengi hudhani kazi hiyo ni kuhubiri kwa sauti ya juu au kushindana kwa aya. Naandika hapa jinsi Jumamosi iliyopita ilivyokwenda, ili anayefikiria kujiunga nasi ajue anaingia wapi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamka, nikawahi Misa ya asubuhi parokiani kwetu, nikanywa chai kwa mahamri, na ilipokaribia saa mbili nilikuwa kwenye foleni ya feri. Anayevuka Likoni kwa miguu halipi nauli, kwa hiyo watu hujaa, na katikati ya umati huo hukosi mhubiri mwenye kipaza sauti. Alikuwapo siku hiyo pia, akiwaonya abiria juu ya moto wa milele kuanzia upande huu hadi upande wa kisiwani. Mimi kwenye feri sisemi neno. Mtu aliyebanwa ndani ya chombo, maji pande zote, hana pa kwenda akichoka kusikiliza, na Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya uhuru wa dini, la mwaka 1965, linataka tuepuke kila namna ya kueneza imani yenye harufu ya shuruti, hasa mbele ya maskini na wasiosoma. Barabarani, asiyetaka anapita zake. Ndiyo maana naipenda barabara.

Saa tatu kasoro tulikutana na mwenzangu mbele ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Barabara ya Nkrumah. Yeye ni mama wa makamo, mtulivu, mwenye sikio kuliko ulimi, na kwa kazi hii sikio ndilo linalotangulia. Lejio haimtumi mtu peke yake. Twaenda wawili wawili. Tulisali sala za Lejio, kisha tukakagua mkoba: rozari za plastiki, medali ndogo, karatasi zenye mpangilio wa matendo ya rozari, daftari, na kalamu mbili, kwa sababu ya kwanza hukauka wino wakati mtu anapokubali kuandikisha jina lake.

Mwenzangu hupenda kunikumbusha kwamba kazi hii iliingia nchini kwa kupitia mji huu huu. Frank Duff alianzisha Lejio kule Dublin mwaka 1921. Mwaka 1936 akatumwa msichana wa Ireland, Edel Quinn, aliyekuwa ameugua kifua kikuu, akashuka melini hapa Mombasa na kuendelea Nairobi. Alizunguka Afrika Mashariki akianzisha vikundi hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944, na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Joto la Januari linapotukalia kichwani, mwenzangu humtaja huyo, nami nakosa la kulalamikia.

Kuanzia saa tatu na nusu tulisimama Barabara ya Digo, karibu na Marikiti, mahali ambapo wachukuzi wa mikokoteni hupiga mbinja kukutoa njiani na harufu ya bizari hukufikia kabla hujamwona muuzaji. Swali la kwanza la siku lilikuwa lile lile la kila mara: “Mwauzaje hizi?” Nilipojibu kwamba ni za bure, yule kijana alirudi nyuma hatua moja. “Bure? Kwani mwataka nini?” Mjini hapa kitu cha bure hutia shaka kuliko kitu cha ghali. Wengine walituuliza kama sisi ni Mashahidi wa Yehova, maana hao watu wamezoea kuwaona wakisimama na vigari vyao vya machapisho. Mzee mmoja kutoka Nyanza, aliposikia neno Lejio, alitaka kujua kanzu zetu ziko wapi; ilinibidi nimweleze taratibu kwamba Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki kule kwao mapema miaka ya 1960, ni jambo jingine kabisa, na kwamba sisi ni chama cha walei ndani ya parokia.

Kisha kuna swali la hirizi. Dada mmoja aliichukua medali, akaigeuza kwenye kiganja, akaona upande wa nyuma herufi M chini ya msalaba, na mioyo miwili. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama inazuia jini. Nilimwambia kwamba haizuii chochote kwa nguvu zake yenyewe. Katarina Labouré, mtawa wa Paris, alionyeshwa umbo lake mwaka 1830, na tangu hapo huvaliwa kumkumbusha mtu kusali, wala haisali kwa niaba yake. Alionekana kukatishwa tamaa kidogo. Ningeweza kumwacha aondoke na imani yake ya kinga, na pengine angeniombea heri, lakini medali iliyotolewa kama hirizi ni bora ingebaki mkobani.

Karibu na saa tano alisimama mama muuza ndizi, beseni likiwa bado kichwani. Aliitazama rozari, hakuishika.

“Hiyo naijua,” alisema. “Nilifundishwa Bura nikiwa mtoto.”

Bura ni misheni ya Taita iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890, na Mtaita aliyekulia huko huijua rozari kama anavyolijua jina lake. Mwenzangu alimsaidia kuteremsha beseni na kumsogezea kivulini.

“Basi chukua moja, mama.”

“Nilifungiwa Komunyo. Naishi na baba watoto, hatujafunga ndoa kanisani. Mtu kama mimi ataishikaje?”

Hapa ndipo kazi yetu ilipo hasa, na ndilo jambo ambalo watu wa nje hawalitegemei. Anayesimama mara nyingi zaidi si Mwislamu wala mlokole wala asiyeamini. Ni Mkatoliki aliyebatizwa, aliyekaa nje ya mlango miaka mingi akidhani umefungwa kwa kufuli, na kinachomzuia si fundisho alilolikataa bali ni mahari isiyokwisha, karamu asiyoweza kuigharimia, na kadi ya ubatizo iliyopotea wakati wa kuhama nyumba. Mwenzangu alimweleza, bila haraka, kwamba kutopokea Komunyo hakumkatazi mtu rozari, wala Misa, wala jumuiya ndogo ndogo. Kisha wakaja kwenye mambo yenyewe. Mume ni Mkatoliki wa Kitui. Hakuna kati yao aliyewahi kufunga ndoa na mtu mwingine. Mahari ni makubaliano ya wazee wa pande mbili, na Kanisa linayaheshimu, lakini Kanisa halikuweka sharti kwamba lazima yamalizike ndipo ndoa ifungwe. Karamu haimo kabisa katika masharti: panahitajika matangazo, mafundisho, padre na mashahidi wawili. Kuhusu kadi, jina lake limo katika daftari la ubatizo la parokia alikobatizwa, na parokia hiyo ndiyo humtolea cheti kipya. Hata angekuwa na kadi ya zamani, paroko angeomba cheti cha hivi karibuni, kwa kuwa pembeni mwa jina katika daftari hilo ndipo huandikwa kipaimara na ndoa, na hivyo hujulikana kama mtu yuko huru kuoa au kuolewa.

Mama yule alinyamaza, kisha akauliza swali la mtu wa soko: “Na hicho cheti, mpaka niende Bura mwenyewe? Siku ya kutouza ni siku ya kutokula.” Tukaandika jina lake, jina la baba yake, na mwaka anaokisia alibatizwa. Rozari aliichukua, akaifunga kwenye pindo la leso.

Saa sita kamili tulisali Malaika wa Bwana chini ya mwavuli wa muuza madafu, na muda si mrefu adhana ya adhuhuri ikasikika. Wakati wa swala tunakaa kando. Si sheria ya mtu, ni adabu ya mji. Ami mmoja aliyekuwa akinywa dafu alitutazama kwa uchangamfu, akasema, “Huyo Bibi Maryamu mnayemtaja hata sisi twamjua, sura ya kumi na tisa ni yake.” Nilimjibu kwamba nalijua hilo, na kwamba tofauti zetu juu ya Mwanawe ni kubwa lakini heshima kwa mama yake twashirikiana. Akaniuliza kama rozari ni kama tasbihi yake. Tukalinganisha hesabu ya punje, tukaagana kwa salamu, naye akaenda kuswali.

Saa nane tulihamia Mwembe Tayari, kwenye ofisi za mabasi ya Nairobi, kwa kuwa msafiri anayengoja huwa na subira ya kusikiliza. Huko maswali ni makali zaidi. Kijana mlokole alinifungulia Mathayo 23:9, akataka kujua kwa nini twamwita padre baba. Nilimwomba asome pia Wakorintho wa Kwanza 4:15, ambapo Paulo anajiita baba wa Wakorintho katika Kristo, tukakubaliana kwamba angalau jambo hilo linahitaji kusomwa kwa ukamilifu. Sikumshinda, naye hakunishinda. Mwenzake, mwanafunzi wa chuo, alidai Ukatoliki hapa ni mzigo ulioletwa juzi na ukoloni wa Mwingereza. Nilimweleza habari za mwaka 1631: Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na kubatizwa Goa, ambaye baba yake aliuawa kwa hila za Wareno, aliasi na kuiteka Ngome ya Yesu, na Wakristo waliokataa kuiacha imani, Wareno na Waafrika kwa pamoja, wakauawa. Habari hiyo nilimpa kwa sababu aliuliza juu ya historia, tena nilimpa pamoja na dhuluma ya Wareno iliyoitangulia. Anayeisimulia nusu ili kuchochea jirani dhidi ya jirani nisingependa asimame nasi.

Saa kumi hivi alikuja kijana kuomba nauli ya kurudi Voi. Kanuni za Lejio zinatukataza kutoa misaada ya vitu na fedha, na naona zina hekima, kwani tukianza kutoa, kila atakayesimama tutashindwa kujua amesimama kwa ajili ya nini. Hata hivyo ni kanuni inayouma ukiwa umemtazama mtu usoni. Tulimwelekeza kwa wanaoshughulikia wahitaji parokiani.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa kwenye mkutano wetu wa kila juma, mbele ya sanamu ya Mama Maria, mishumaa miwili na maua. Baada ya rozari kila mmoja alitoa taarifa ya kazi yake. Mwenyekiti wetu hapokei taarifa ya “tulizungumza na watu wengi”. Hutaka kujua ni nani, alisema nini, na kinafuata nini. Tulipofika kwenye habari za mama muuza ndizi, mwenyekiti aliuliza nani ataandika barua ya kuomba cheti Bura. Nikajitolea mimi. Nani atamfuata sokoni, kabla ya saa nne wateja hawajajaa, ampe ratiba ya paroko na kumwambia aje na mumewe? Mwenzangu akasema yeye, Jumanne. Katibu akaandika yote mawili, tukapita kwenye ajenda iliyofuata, ambayo ilikuwa rozari za plastiki: zilizobaki hazitoshi Jumamosi ijayo.