Mzinga wa kwanza: kuwapata nyuki na kuwafanya wakae

Anayeanza kufuga nyuki siku hizi hujifunzia kwenye video, na nyingi zimepigwa Ulaya au Marekani: mtu kavaa kofia ya wavu, mikono mitupu, mzinga uko hatua chache kutoka jikoni. Nyuki wale wamechaguliwa kwa upole wao kwa vizazi vingi. Wetu wa bara, Apis mellifera scutellata, wanatofautiana nao kwa mambo mawili yanayobadilisha kazi nzima. Wakichokozwa hutoka wengi kwa pamoja na kufukuza mbali. Sumu ya nyuki mmoja haizidi ya yule wa Ulaya, lakini miiba mia kadhaa inaua. Tena wakikosa raha huhama wote, wakakuachia masega matupu. Ndiyo maana mwaka wa kwanza lengo ni kundi liingie na likae. Asali ni ya baadaye.

Anza na mahali. Kiwanja cha mjini cha mita 20 kwa 30, chenye jirani nyuma ya ukuta, hakifai kabisa kwa nyuki wanaouma, hata uwe na mavazi bora namna gani. Mavazi yanakukinga wewe, hayamkingi mtoto wa jirani. Kwa kiwanja hicho wapo nyuki wadogo wasiouma, nitawafikia chini. Wanaouma wapeleke pembeni mwa shamba, mita 200 au zaidi kutoka nyumba, shule, njia na zizi. Mbuzi aliyefungwa kamba na kuku waliofungiwa bandani ndio hufa kwanza, kwa sababu hawana pa kukimbilia. Mbele ya mizinga acha kichaka kirefu kuliko mtu ili nyuki watoke wakipanda juu. Mchana pawe na kivuli. Maji yawe karibu, kwenye beseni lenye mawe ya kutua, la sivyo watahamia bombani kwa watu. Majirani waambiwe mapema, na afisa nyuki wa wilaya aonwe. Tanzania ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, naye atakueleza taratibu za eneo lako.

Mzinga ninaopendekeza kwa anayeanza ni wa viunzi, ule uliobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni sanduku refu, pana juu na jembamba chini, na juu yake hupangwa vipande vya mbao vinavyogusana. Hivyo ndivyo viunzi, na kila kimoja hubeba sega moja. Seremala wa mtaani anaumudu, ila msimamie kwenye kipimo kimoja: upana wa kiunzi ni milimita 32 kamili. Ndio umbali ambao nyuki wetu huuacha kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega la pili. Kikiwa 35, kipimo cha nyuki wa Ulaya, masega yanaanza kupotoka kidogo kidogo, mwishowe sega moja linadandia viunzi viwili, na siku ya kufungua unavunja kila kitu na kumwaga asali juu ya majana, yaani watoto wa nyuki waliomo kwenye masega. Urefu wa kiunzi uwe sentimita 48. Viunzi 27 vinahitaji sanduku lenye urefu wa ndani wa sentimita 87 hivi. Ndani kusipakwe rangi wala dawa ya mbao. Paa la bati liinuliwe kidogo au lifunikwe nyasi, kwa sababu bati tupu juani hulainisha nta mpaka masega yakadondoka.

Mzinga wa Langstroth, ule wa masanduku yenye fremu, ni mzuri, lakini unadai fremu zilizopimwa sawasawa, karatasi za nta na mashine ya kukamulia. Uache kwanza.

Tengeneza mizinga 2 au 3, maana si yote itakayopata kundi. Itundike kwa waya kati ya nguzo, kimo cha kiuno, na upake grisi nzito kwenye waya au nguzo. Grisi ni ya sisimizi na siafu, maadui wakubwa kuliko wote kwa kundi changa. Nyegere naye hupata taabu kuufikia mzinga unaoning'inia. Fyeka majani chini mara kwa mara: jani moja likigusa mzinga limekuwa daraja, na grisi yako yote haina kazi.

Kundi kwa kawaida hulinunui, unalitega. Chini ya kila kiunzi, katikati, chonga mfereji mwembamba na uujaze nta safi iliyoyeyushwa. Huo ndio mstari ambao nyuki wataufuata wakijenga. Paka nta nyingine kwenye kuta na mlangoni. Harufu yake huwavuta wapelelezi, yaani nyuki wanaotafutia kundi makao, na mchaichai uliopondwa husaidia. Msimu wa kutega hutofautiana kwa mvua na miti ya kila mahali, kwa hiyo muulize mrina asali wa eneo lako makundi hupita lini, mizinga iwe imetundikwa kabla ya hapo. Kila wiki mbili toa utando wa buibui, mijusi na panya. Ukiona nyuki wachache wanazunguka mlango, wanaingia na kutoka bila chavua miguuni, hao ni wapelelezi. Usiuguse mzinga.

Kundi likishaingia, wengi huharibu kwa hamu ya kuchungulia. Nyuki mtenda kazi huchukua karibu wiki tatu kutoka yai hadi kutoka kwenye tundu lake, na katika kipindi hicho kundi halina mengi ya kupoteza likiondoka. Acha wiki sita bila kufungua. Tazama mlangoni tu: wakibeba chavua kwa wingi, kuna majana ndani, na kundi lenye majana halihami ovyo. Baada ya hapo, kinachowaondoa huwa ni siafu, jua kali, njaa ya kiangazi, kufunguliwa mara kwa mara, au mtu aliyerina kila kitu. Nondo wa nta huonekana kama chanzo kwa sababu utawakuta viwavi wake kwenye masega, lakini mara nyingi wameingia baada ya kundi kudhoofika.

Kufungua ni jioni, jua linapozama, mkiwa wawili. Vaa ovaroli nyeupe pana, kofia ya wavu, glovu na buti, na funga mikono na miguu ya nguo; tundu dogo kwenye wavu ni hatari kuliko kutovaa glovu. Kwenye bomba la moshi, kifaa cha kuwafukizia nyuki, weka magunzi, maranda au kinyesi cha ng'ombe kikavu, kamwe si plastiki wala matambara yenye oili. Jaribu moshi kwenye kiganja: uwe mzito na usiounguza. Puliza mara tatu mlangoni, subiri dakika mbili. Moshi hufunika harufu ya hatari ambayo nyuki huitoa anapouma, harufu inayofanana na ndizi mbivu. Kwa hiyo ukiumwa, kwangua mwiba mara moja na upulizie moshi pale pale, la sivyo wengine watalenga hapohapo. Anayevimba midomo au kukosa pumzi apelekwe hospitali bila kusubiri.

Unaporina, anzia mwisho usio na majana. Inua kiunzi wima, wala usilaze sega, kwa sababu halina fremu ya kulishika. Chukua lililozibwa kwa nta robo tatu au zaidi. Lisilozibwa lina maji mengi, na asali ikizidi maji asilimia 20 huchacha. Kata ukiacha sentimita moja ya sega kwenye kiunzi, waanzie hapo. Ukikuta majana, simama. Masega 3 au 4 ya asali yanayopakana nayo ni chakula chao, na yasiguswe. Chuja kwa kitambaa safi bila kupika, na ufunike ndoo barabara, maana asali hunyonya unyevu wa hewa.

Sasa nyuki wadogo, kwa wenye kiwanja cha mjini. Hawana mwiba unaouma, ila huingia kwenye nywele na kung'ata kidogo. Wanakaa kwenye kisanduku kidogo cha mbao nene chini ya upenu wa nyumba, na kundi hupatikana kwa kuhamisha kipande cha gogo walimo, usiku, mlango ukielekea kama ulivyokuwa. Asali huwekwa kwenye vijungu vya nta na utomvu badala ya masega, hivyo inyonye kwa bomba la sindano jipya, kijungu kimoja kimoja, bila kupasua mayai. Vijungu vikipasuka ovyo, nzi wadogo huingia kutaga na wanaweza kumaliza kundi kwa siku chache. Utapata kidogo sana kuliko kwenye mzinga wa viunzi, asali nyepesi yenye uchachu. Ina maji mengi kwa asili yake, kwa hiyo iweke kwenye friji tangu siku ya kwanza.