Umeme mdogo usoni

Jana nilikuwa kwenye saluni moja hapa Milimani, Kisumu, nikafanyiwa uso kwa umeme mdogo. Kwanza dada aliniuliza kama nina mimba au kifaa cha kusaidia moyo. Ningesema ndiyo, asingenigusa. Hapo nikamwamini.

Akanipaka jeli baridi, maana ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, kisha vijiti viwili vya vichwa vya chuma vikapanda polepole kutoka kidevuni hadi shavuni. Mkondo wenyewe hauzidi miliampea 1. Nilisikia kama kutekenywa, na ladha ya chuma mdomoni.

Leo asubuhi shavu langu la kushoto, lililolegea tangu nimzae kitindamimba, limeinuka jamani! Najua litashuka tena, ndiyo maana watu hurudia. Jumamosi narudi.