Mkwara wa Hatua Tatu

Ijumaa iliyopita, barazani kwa rafiki yetu Sinza, nilipoteza vizibo 35 vya soda katika raundi moja ya poka, na tangu siku hiyo ninairudia raundi ile kichwani hata nikiwa nimebanwa ndani ya daladala. (Tunacheza kwa vizibo kwa sababu mwenye nyumba hataki kuona shilingi mezani kwake, na sina la kumlaumu.)

Karata zangu mbili za siri zilikuwa ree na 5, zote za shupaza. Karata tatu za kwanza za mezani, ambazo kila mchezaji huziunganisha na zake, zilikuwa kingi ya shupaza, 8 ya shupaza na 3 ya kopa, huku fungu, yaani vizibo tunavyogombea, likiwa na vizibo 10. Niliweka 5, na mzee aliyeketi mkabala nami akafuata, yaani akaweka kiasi kile kile. Ikafunuliwa 9 ya uru, nikaweka 10, akafuata tena. Karata ya mwisho ikawa 4 ya pau, nami nikasukuma 20 kwa mkwara mtupu. Mzee aliitazama meza, akapiga funda moja la kahawa, akasema, "Mwanangu, hiyo kingi huna," kisha akafunua 8 yake, jozi na ile ya mezani.

Madau mawili ya kwanza siyajutii. Shupaza 9 zilikuwa bado hazijaonekana, na mtu anayesubiri karata mbili katika hali hiyo hukamilisha karata tano za aina moja kwa takriban asilimia 35, kwa hiyo hata nilipofuatwa nilikuwa bado na pa kutokea. Dau la tatu halikuwa na pa kutokea. Kwa hesabu, dau la nusu ya fungu hujilipa mpinzani akiachia, yaani akitupa karata zake na kukuachia fungu, zaidi ya mara moja katika kila mara tatu, na hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza ni karata zipi hasa ambazo mzee angeziachia. Jibu ni shupaza mbili zilizokosa mwenzao, na shupaza mbili kati ya hizo nilikuwa nimezikalia mimi mwenyewe! Karata nilizokuwa nazo ziliwapunguza watu wa kukimbia na kuwaacha wenye kingi na wenye 8.

Linganisha na mkwara wa Chris Moneymaker dhidi ya Sam Farha huko Las Vegas mwaka 2003, walipobaki wawili wakigombea ubingwa wa dunia wa poka. Mezani palikuwa na shupaza tatu, yaani 9, 6 na 8, na Moneymaker alikuwa na kingi ya shupaza pamoja na 7. Alipandisha dau ilipofunuliwa karata ya nne, na ya tano ilipomkosesha kila kitu akaweka vyote alivyokuwa navyo. Farha, mwenye jozi ya 9, akaachia. Shupaza zile tatu zilikuwa zimekwisha kumsimulia Farha kisa chote, ilhali meza yangu haikuwa na cha kumtisha mtu yeyote ila kingi moja.

Tena yule alikuwa Farha, mchezaji wa kulipwa anayejua kuachia. Mzee wetu, kwa muda wote niliocheza naye, sijamwona akitupa jozi hata mara moja. Ijumaa hii atakuwepo, na siku nitakayoishika kingi kweli nitaweka 5, kisha 10, kisha 20 zile zile.