Lyon, nyuma ya milango

Wageni wengi wanaotua Paris hawatoki Paris. Mimi nilipanda TGV, treni ya mwendo kasi, asubuhi, na baada ya saa mbili hivi nikashuka kituo cha Part-Dieu, Lyon, ambako dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa ananisubiri. Ana miaka minne huko. Salamu zilipokwisha akaniambia, "Leo hatuna ratiba, mdogo wangu. Tutatembea tu."

Tukavuka mto Rhône, tukakatisha Presqu'île, kile kipande cha mji kilichobanwa katikati ya mito miwili, kisha tukavuka Saône hadi mji wa kale. Mtaa wa Saint-Jean ulikuwa umejaa watalii na maduka ya aiskrimu. Ningekuwa peke yangu ningeupita na kudhani nimeuona. Dada akasimama mbele ya namba 54, mlango wa mbao wa kawaida kabisa, akausukuma kwa bega.

Ndani giza. Akapapasa ukutani, akabonyeza swichi, na mbele yetu ukatokea ujia mwembamba wenye dari ya matao, kisha ua mdogo ulio wazi juu, kisha ujia mwingine na ua mwingine. Watu wanaishi humo. Kulikuwa na visanduku vya barua, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ghorofani. Tulipotoka tulikuwa mtaa mwingine kabisa, rue du Bœuf.

Njia hizi huitwa traboules, na mjini humo ziko mamia. Nyingi hufungwa. Zile zinazopitika ziko wazi kwa sababu wenye nyumba wamekubaliana na manispaa zifunguliwe mchana, na mgeni anatakiwa apite kimya. Ndiyo maana dada alinieleza yote haya kwa kunong'ona.

Kesho yake tulipanda Croix-Rousse, kilima cha wafumaji wa hariri, ambao Lyon huwaita canuts. Hapo ndipo mji uliponiteka. Nyumba zake zina madirisha marefu na dari za karibu mita 4, kwa kuwa mtambo wa kufumia uliobuniwa na Jacquard, mzaliwa wa Lyon, ulikuwa mrefu na ulikaa chumba kimoja na familia. Katika karakana moja iliyohifadhiwa, fundi alituonyesha unavyofanya kazi: kadi zenye matundu zinaamua nyuzi zipi za mtande, zile za urefu, zinyanyuke, mshindio, uzi wa kukatisha, unapita, ubao unagonga. Watu wa hapo wana neno la kuigiza mlio huo, bistanclaque, na fundi alilitamka sambamba na mtambo. Nilisimama hapo muda mrefu. Kitambaa kilikuwa kinakua taratibu mno, na nilimfikiria aliyekifuma mchana kutwa kwa malipo aliyopangiwa na mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1831 wawakilishi wa wafumaji na wa wafanyabiashara walikubaliana kima cha chini cha malipo, baadhi ya wafanyabiashara wakakataa kukifuata, na wafumaji wakainuka na kuushika mji kwa siku kadhaa hadi jeshi lilipoingia. Tulipita Cour des Voraces, ua wenye ngazi kubwa ya mawe inayopanda ghorofa baada ya ghorofa, nikaipapasa kingo zake kwa heshima.

Mchana tulikula kwenye bouchon, mkahawa wa kienyeji wenye meza zilizobanana kiasi cha kusikia habari za jirani. Asiyekula nguruwe aulize mapema, maana vyakula vingi ni vya nguruwe na matumbo. Mimi nilichagua quenelle ya samaki, laini na imevimba kama andazi, na mwanzo wake cervelle de canut. Jina lake ni "ubongo wa mfumaji", lakini ni jibini laini tu iliyokorogwa na majani ya vitunguu. Tulikaa saa mbili na nusu. Hakuna aliyetuletea bili mpaka tulipoiomba.

Jumapili nilielewa kwa nini dada hataki kuhama. Kwenye bustani ya Tête d'Or, iliyofunguliwa tangu 1857, huhitaji tiketi, hata kwenye uwanda wa wanyama wa Afrika. Nilimkuta twiga anatafuna majani mbele ya watoto waliokaa kimya kabisa. Jioni watu walijaa kwenye ngazi za ukingo wa Rhône na mikate yao na jibini, miguu imening'inia, hawana haraka ya kwenda popote.

Siku ya mwisho nilirudi mji wa kale peke yangu. Nilisukuma milango mitatu, yote imefungwa. Wa nne ukafunguka wenyewe: bibi mmoja alikuwa anatoka na kikapu cha sokoni. Nikamwamkia, "Bonjour, madame." Akanitazama, akarudi hatua mbili ndani, akaniwashia taa.